Mashine Iliyoona Viatu

Mwalimu Bishar alizikwa Garissa siku ya Jumatano, na Alhamisi nilikwenda kuwapa pole watu wake. Chumba cha wanawake kilijaa hadi mlangoni. Tuliketi mikekani magoti yakigusana, vikombe vya chai ya maziwa vikipita juu ya vichwa vyetu, na kila aliyefungua kinywa alikuwa na jema la kusema juu ya marehemu. Mmoja alisema bila yeye binti yake asingekuwa muuguzi. Mwingine alisema yeye mwenyewe alilala miaka mitatu katika bweni alilojenga Mwalimu Bishar kule upande wa Tarbaj, na kwamba mara ya kwanza kulala kitandani alianguka mara mbili kwa kutozoea. Tulicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka matangani. "Wewe Fardosa ulifundisha naye," mjane wake akaniambia. "Hebu tuambie, abaayo, dada yetu, bweni lile alilipataje?" Nilisema alikuwa mtu mwenye subira, Mungu amrehemu. Wakaitikia amina, nami nikanywa chai yangu. Kazi yangu ni ukalimani mahakamani. Kwa miaka mingi nimeapa mbele ya mahakimu kwamba nitafasiri kila neno bila kuongeza wala kupunguza, na katika chumba kile, kwa lugha ya mama yangu, nilipunguza tena. Ndiyo sababu naiandika sura hii. Naiandika kwa Kiswahili makusudi, kwa kuwa uongo ninaotaka kuusimulia niliusema kwa Kiswahili.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, sina cheti cha ualimu. Mwaka ule shule za ndani hazikuwa na walimu, na yeyote aliyeweza kusimama mbele ya ubao alikaribishwa. Nilishuka kutoka kwenye lori la mbuzi nikiwa na sanduku langu la bati, mahali ambapo ni mwendo wa saa tatu kutoka Tarbaj kwa njia ya mchanga. Sitapataja kwa jina, kwa sababu watu wake bado wapo. Nilipewa darasa la nne, na nikapewa chumba katika boma la mwanamke aitwaye Hawa. Kilikuwa chumba cha mabati chenye kitanda cha kamba, msumari mmoja wa kutundikia buibui, na tundu dogo ukutani ambalo mwanga wake ulitambaa sakafuni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kupitia mabati yale nilisikia kila kitu. Wiki ya kwanza nilimsikia jirani akisema, "Msichana wako wa Garissa anaoga kila siku," na Hawa akamjibu, "Mwache. Maji yatamfundisha." Yalinifunza upesi. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa naosha uso kwa kikombe kimoja, kisha maji yale yale nampa mbuzi.

Hawa alikuwa mrefu, mwenye mdomo mwepesi na kicheko kilichoanzia tumboni. Mumewe alikuwa mbali na ngamia, upande wa Liboi, akifuata mvua ambayo kila mtu aliisikia kwa mwingine. Alimwachia binti wa miaka kumi na mmoja aitwaye Deka, wavulana wawili wadogo, na mimba iliyokuwa ndiyo kwanza ianze kuonekana. Asubuhi tulikula anjera, chapati yetu laini ya unga uliochachuka, kwa chai. Maziwa ya ngamia yalipokwisha tulitia ya unga, na ya unga yalipokwisha tukanywa ya rangi. Samli iliyobaki koponi Hawa aliipaka kwenye anjera yangu peke yake, na nilipokataa alisema mgeni akikonda nyumbani kwake watu watasema nini. Leo, nikiwa na jiko lenye vigae na friji inayonguruma, bado siwezi kupaka siagi bila kuona kidole chake kikizunguka ndani ya kopo lile tupu.

Katika uwanja wa shule kulikuwa na kisima cha kuchimbwa. Kilikuwa na jenereta ndani ya kibanda cha mawe, tangi juu ya vyuma virefu, bomba la kufungulia, na hori refu la saruji la kunyweshea mifugo. Kilifunguliwa kwa hotuba mwaka mmoja kabla sijafika, na ofisi moja ya misaada, ile ile iliyotuletea maji kwa gari wakati wa kiangazi. Kilifanya kazi miezi minne, kisha pampu ikaungua. Mwalimu Bishar, aliyekuwa mwalimu mkuu, aliandika barua mbili na hakujibiwa. Adan, mtunzaji wa kisima, aliendelea kukifagia kibanda kila asubuhi na kutia bawaba za mlango mafuta, kama mtu anayetunza kaburi la jamaa yake. Maji tuliyokunywa yalikuja kila Jumapili kwa lori la tangi, yakamwagwa katika shimo lililotandikwa turubai, na wanawake wakapanga mitungi yao ya plastiki tangu alfajiri.

Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya kwenda kuswali, niliwaruhusu watoto wasimulie hadithi. Mara zote waliishia kumtaka Deka. Alikuwa mwembamba, jino moja limepanda juu ya jingine, na hakuwa na haya. Hadithi yake aliitunga mwenyewe baada ya kuona sherehe ya kisima, na ilikuwa hivi. Hapo kale palikuwa na fundi aitwaye Farah, asiye na ngamia wala mbuzi, ila akili. Alikusanya boneti ya gari lililokufa, pipa la mafuta, pembe ya kondoo dume na matumbo ya redio, akaunda mashine kubwa kuliko msikiti. Ukiuzungusha mkono wake iliimba. Ikishaimba ilitoa maji. Ukizungusha zaidi ilitoa maziwa, na ukizungusha mpaka bega likuume ilitoa chai, tayari ina sukari. Wageni walikuja kutoka nchi saba kuiona. Farah aliwapanga mstari, akazungusha, mashine ikaimba, wageni wakanywa, wakapiga makofi, wakaandika daftarini, wakapanda magari yao. Ndipo watoto walipokuja na mitungi. Farah akazungusha, kimya. Akazungusha tena, kimya. Akaipiga teke, nayo mashine ikasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua: "Wageni wamekwenda wapi?" Watoto wakasema, "Lakini sisi tupo." Mashine ikasema, "Siwaoni. Mimi naona viatu tu." Kwa maana Farah aliyaweka macho ya mashine chini kabisa, karibu na ardhi, na watoto wale walikuwa pekupeku.

Mwisho wa hadithi ulibadilika. Ijumaa moja watoto walijifunga makopo miguuni. Ijumaa nyingine, na mwisho huo ndio uliopendwa, waliiba viatu vya chifu na vya Mwalimu Mkuu, wakamvalisha ngamia kikongwe miguu yote minne, wakamsimamisha mbele ya mashine. Mashine ikadhani ni wageni wawili wanene. Ikamwaga chai mpaka kijiji kikafurika na mbuzi wakaogelea. Darasa lilikuwa likicheka hadi wengine wakalala juu ya madawati. Mimi nilicheka nao. Sikuona hatari yoyote ndani yake.

Mwezi wa saba Mwalimu Bishar aliniita ofisini. Ilikuwa chumba chenye meza moja, globu iliyopasuka, na ukutani orodha ya wanafunzi aliyoiandika kwa mkono wake mzuri. Alikuwa mtu wa ndevu zilizopakwa hina, koti moja, kalamu mbili mfukoni. "Wageni wanakuja Jumatatu ijayo," alisema. "Ofisi ya misaada. Wanataka kuona kama tumekitunza kisima. Wakiridhika, watatujengea bweni la wasichana." Nilimuuliza wataridhikaje na pampu iliyokufa. Alinyoosha kidole kwenye orodha ukutani. "Darasa la nne wasichana kumi na tisa. La sita, saba. La nane, mmoja. Wale wengine unajua wako wapi. Wako kwenye nyumba za waume. Nikiwa na vitanda na ukuta, baba zao hawatawachukua asubuhi wanapohama na mifugo. Pampu itarekebishwa, Fardosa. Bweni likipita, halirudi." Kisha akaniambia alivyopanga. Gari la maji la Jumapili lingemwaga nusu ya maji yake katika tangi la shule. Jumatatu mtu angefungua bomba. Nilitazama ile orodha. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule kwa sababu nyumba yetu ilikuwa hatua mia mbili kutoka langoni mwa shule, na maneno yake yaliniingia. Hata leo sidhani kwamba alikosea juu ya bweni.

Jumatatu ile watoto walipangwa uwanjani, wenye viatu mbele, wasio na viatu nyuma. Mwalimu Bishar mwenyewe ndiye aliyewapanga, akisema picha itakuwa nzuri. Gari moja jeupe lilifika saa nne na kushusha watu watatu. Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, akaitwa Madam Ruth, aliyejifunga leso kichwani kwa heshima yetu na kuamkia wazee kwa salamu za Kisomali alizozikariri. Alikwenda moja kwa moja kibandani, akamkuta Adan amesimama kama askari. "Mzee, pampu inafanya kazi?" alimuuliza. Adan alimtazama Mwalimu Bishar, kisha akajibu kwa Kiswahili chake, "Bampu iko, mama. Haijaenda bahali bopote." Bomba likafunguliwa. Maji yakatoka kwa nguvu, yakang'aa juani, na watoto wadogo wakapiga kelele ya furaha ambayo haikuwa ya kuigiza. Mmoja wa wageni akapiga picha. Madam Ruth alitembea taratibu kando ya hori, akainama kidogo, akatazama chini, akarudi. Sikujua alikuwa akitazama nini.

Mwalimu Bishar alikuwa ameandaa shairi la Kiswahili, na wenye viatu walilisoma bila kosa. Kisha Madam Ruth akasema jambo ambalo halikuwa katika mpango. "Mashairi nimeyasikia mengi," alisema. "Leo ningependa mtoto anisimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani. Huyu mwalimu atanifasiria." Alinielekezea mimi kidole. Kabla mtu hajapumua, darasa la nne zima lilikuwa likiita jina moja, na kutoka safu ya nyuma, pekupeku, Deka akapenya katikati ya wenye viatu na kusimama mbele ya wageni.

Alisimulia vizuri kuliko alivyowahi kusimulia darasani. Aliuzungusha mkono wa mashine hadi bega likamuuma. Aliwaiga wageni wakipiga makofi na kuandika. Wanawake waliosimama nje ya ua wa miiba walianza kucheka, na nilimwona Hawa kati yao ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, machozi yakimtoka. Wazee walitazama chini, mabega yakitikisika. Madam Ruth aliniinamia. "Anasema nini?" Mwalimu Bishar alikuwa kulia kwangu, uso wake unatabasamu, na bila kugeuza kichwa alisema kwa Kisomali neno moja tu: "Bweni."

"Anasema kulikuwa na fundi mwenye akili," nikaanza, "aliyetengeneza mashine ya kutoa maji."

"Ehe."

"Wageni wakaja kutoka nchi saba. Wakaiona, wakafurahi."

Deka alikuwa ameinua mguu wake mtupu, anauonyesha umati, na watu walikuwa wamevunjika mbavu. "Na hapo kwenye mguu?" aliuliza Madam Ruth. "Mbona wanacheka hivyo?"

"Wanacheza ngoma," nikasema. "Watoto wanacheza kwa sababu maji yamefika. Wanawashukuru wageni."

"Basi?"

"Basi, Madam. Ndiyo hadithi."

Akaandika. Nilitazama kalamu yake ikienda. Umati ulipiga makofi na yeye akapiga, akamshika Deka mkono, akamwambia ahsante sana mtoto mzuri. Waliondoka baada ya kula wali na nyama ya mbuzi katika ofisi ya Mwalimu Bishar. Nilipokuwa nakusanya sahani Deka alinifuata hadi mlangoni.

"Mwalimu, viatu hukusema."

"Hadithi ilikuwa ndefu, Deka."

"Na ngamia hukusema. Kwa Kiswahili ni ngamia tu, nalijua neno hilo. Nilikuwa nalisubiri."

Nilimwambia akachukue mifupa ampelekee mama yake atengeneze supu. Akaichukua akaenda. Jioni Hawa aliniuliza, "Kwani yule mama ulimwambia nini?" Nikasema nilimwambia tunashukuru. Alicheka tena hadi akakohoa. "Basi hukusema uongo wote," akasema. "Umesema nusu."

Jumapili iliyofuata gari la maji lilikuja. Ile ya baadaye pia. Ya tatu wanawake walipanga mitungi tangu alfajiri, wakakaa hadi jua likapita utosini, na shimo likabaki kavu, turubai lake limekunjamana kama ngozi ya mzee. Siku mbili baadaye dereva wa gari lile alipita njiani kwenda kijiji kingine. Alisimamisha gari bila kuzima. "Nyinyi mmeondolewa," alisema. "Wameandika mna maji ya kudumu." Mzee mmoja akamwambia pampu imekufa tangu mwaka jana, wewe mwenyewe unajua. "Mimi najua," dereva akasema. "Lakini mimi siandiki." Akaingiza gia akaenda zake.

Nilikwenda kwa Mwalimu Bishar siku hiyo hiyo. Nilimkuta akitia kufuli kwenye bomba la tangi, ambamo maji ya wageni yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu. Yalikuwa ya uji wa watoto, alisema, na ya walimu, mtungi mmoja kila siku tatu. Nilimwambia tuandike, tuseme ukweli. Hakunikasirikia. Aliketi juu ya hori kavu, akavua kofia. "Wamesema wataleta mawe na saruji mwezi ujao," alisema. "Subiri waweke msingi. Msingi ukishawekwa hawawezi kurudi nyuma. Siku hiyo hiyo nitaandika mimi mwenyewe, kwa jina langu." Nikasubiri. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na miguu, karatasi na kalamu, na malori yalipita kila wiki.

Wanawake walianza kwenda kwenye visima vya mbali upande wa Tarbaj. Waliondoka na punda baada ya swala ya alfajiri na kurudi kesho yake mchana. Mtungi wangu wa shule niliugawa na Hawa, lakini watoto watatu na mbuzi wanne hawaishi kwa nusu mtungi, na zamu yake ilipofika alikwenda kama wengine. Jioni moja, mwanga bado upo, nilimsikia kupitia mabati akizungumza na majirani zake wawili. Mmoja alisema, "Ni huyo msichana wa Garissa. Yeye ndiye aliyesema." Nikaacha kusahihisha madaftari. Hawa akasema, "Alisema alichoambiwa aseme. Na sisi je? Tulikuwa pale pale uani, tunacheka. Nani kati yetu aliyeinua sauti?" Jirani akasema sisi hatujui Kiswahili. "Maji yanaitwa maji," Hawa akasema. "Hilo unalijua." Baadaye aliniletea chai ya rangi kama kawaida, akaiweka mlangoni, wala hakunitazama kwa jicho baya. Afadhali angenitukana.

Safari yake ya nne mimba ilikuwa imefika miezi saba. Nilimwambia nitakwenda mimi badala yake. Alinitazama mikono, akacheka. "Punda atakubeba wewe badala ya maji," alisema. "Una mitihani ya watoto. Wewe wapikie hawa wavulana, inatosha." Aliondoka Jumatatu. Jumanne adhuhuri nilitoka darasani kwa sababu nilisikia watu wakipiga mbio, nikaona mkokoteni wa punda ukiingia kijijini, wanawake wawili wakiusukuma kutoka nyuma. Hawa alikuwa amelazwa katikati ya mitungi iliyojaa. Damu ilikuwa imelowesha shuka na ilikuwa imeanza kukaukia kwenye ubao. Walimwingiza chumbani kwangu kwa kuwa ndicho chenye kitanda. Mkunga alikuja akafanya alilojua. Mwalimu Bishar alipanda pikipiki yake kwenda barabarani kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na alikaa huko saa tatu. Hawa aliniomba maji mara mbili. Mara ya pili alinishika kifundo cha mkono, akasema wavulana wasilale na njaa. Hakusema kingine. Mwalimu Bishar aliporudi na lori la mbuzi, dereva akiwa tayari kushusha mifugo yake yote ili ampeleke, Hawa alikuwa amekwisha kufa, na mtoto bado yumo tumboni mwake.

Wanawake walikusanyika ili kumwosha. Mwalimu Bishar alifungua kufuli ya tangi kwa mikono yake, akaja amebeba mitungi miwili, maji yakimwagikia koti. Deka alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa akilia. Alitandaza mikono akashika miimo ya mlango pande zote mbili, msichana mwembamba kama fimbo, akasema, "Maji yapo, maalim. Hooyo ameleta." Akaonyesha mkokoteni wa mama yake. Mwalimu Bishar aliiweka mitungi yake chini pole pole, akarudi nyuma hatua chache, akaketi mchangani mbele ya watu wote. Tulimwosha Hawa kwa maji aliyoyafuata mwenyewe. Mimi nilishika mtungi, mkunga akaosha. Yalikuwa bado na uvuguvugu wa jua la njiani.

Siku ya nne shangazi yao alikuja kutoka Takaba kwa lori kuwachukua watoto. Nilimfungia Deka madaftari yake kwa kamba, nikaweka kalamu tatu juu yake. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. Lakini alikuwa ameshughulika kuwafunga wadogo zake vitambaa vya vumbi usoni, akizungumza kama mama mtu mzima, na aliponigeukia alisema tu, "Mwalimu, mbuzi yule mweusi hapendi kukamuliwa na mtu mwingine. Umwimbie." Lori likaondoka. Sijamwona tena. Kwenye matanga ya Mwalimu Bishar nilimuuliza mwanamke mmoja wa Takaba, akasema anamjua: ana watoto sita, anauza maziwa sokoni, ni mtu mkimya. Nilirudia neno hilo, mkimya, nikidhani anamsema Deka mwingine. Akasema hapana, ni huyo huyo, mwenye jino.

Asubuhi baada ya lori la Takaba kuondoka, Mwalimu Bishar alikuja darasani na karatasi ya ruhusa ya wiki moja ambayo sikuiomba. Sababu aliyoandika ilikuwa "shughuli za shule". "Nenda Garissa kwenye ofisi yao," alisema. "Waambie yote. Na jina langu ulitaje." Nikamuuliza, na bweni? Akaiweka karatasi juu ya meza yangu, akatoka nje. Nilisafiri siku mbili juu ya magunia, kupitia Wajir, na siku ya tatu saa mbili asubuhi nilikuwa nimeketi mbele ya meza ya Madam Ruth. Chumba chake kilikuwa na pazia la buluu na feni iliyozunguka polepole. Alinikumbuka. Aliagiza chai.

Nilimfasiria hadithi yote tangu mwanzo. Boneti, pembe ya kondoo, matumbo ya redio. Wageni, makofi, daftari. Macho yaliyowekwa chini. Ngamia mwenye viatu vinne. Nilifasiri kila neno, na nilipomaliza hadithi nilimsimulia kuhusu Hawa. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa, na nadhani nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, nifokewe na mtu mkubwa kisha niende nyumbani.

Madam Ruth alikuwa ameinamisha uso. "Mwalimu," alisema, "hori lile halikuwa na nyayo. Kiangazi kama kile, maji yapo, na hakuna alama hata ya mbuzi mmoja pembeni. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nililiona nilipoinama tu."

"Ulijua?" nikauliza.

"Nilishuku."

"Mbona basi uliandika?"

"Niliandika ulivyonifasiria." Alisema hivyo bila ukali, karibu kwa upole. "Ofisi ilitaka kisima kimoja kinachofanya kazi. Mwalimu wenu alitaka bweni. Nikakuuliza wewe, mara tatu nilikuuliza, nikitumaini utasema kitu kingine. Hukusema. Nikafunga daftari."

Ndipo chai ikaletwa, kwenye gilasi, yenye maziwa mengi, moto mno kushikika. Nilifikiri kupata mwenzangu katika kosa kungenipunguzia mzigo. Haukupungua. Kisha akavuta simu yake, akatafuta namba, akapiga. Nilimsikia akitaja kijiji chetu, akasema kirudishwe kwenye orodha ya gari la maji, ndiyo, kuanzia Jumapili hii, hapana, pampu ni mbovu, kulikuwa na makosa kwenye ripoti. Mtu wa upande wa pili hakuuliza maswali, wala bweni halikutajwa. Madam Ruth akasema ahsante, akakata, akaiweka simu juu ya meza.

Nilinyoosha mkono nikagusa gilasi yangu ya chai. Ilikuwa bado moto mno kushikika.